MIAKA AROBAINI NA KUENDELEA: WAKATI WA KUANDIKA HESABU ZETU

(Mada hii ilisomwa msikitini baada ya swala ya Alasiri. Tunaichapa kama ilivyosomwa, kwa faida ya wasomaji wetu ambao hawakuhudhuria.)

Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Sahaba zake na wote waliowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.



Tumekusudia leo kuzungumza na wale waliofikia umri wa miaka arobaini na kuendelea. Vijana waliopo wasiondoke, kwani wao ndio watakaobeba mizigo yetu tusipoitua wenyewe.

Tuanze na jambo tunalolishuhudia sote. Kila jeneza linapowekwa mbele ya safu, kabla ya takbira ya kwanza, husimama ndugu wa marehemu akatangaza kuwa yeyote anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, aje aonane na familia. Safu hunyamaza. Hakuna anayependa kudai mbele ya jeneza. Tunaswali, tunazika, tunatawanyika. Madai huanza kuja baadaye.

Mwaka jana tulimzika mzee mmoja aliyeswali nasi katika safu ya kwanza kwa zaidi ya miaka ishirini. Lilitolewa tangazo kama kawaida, na hakuna aliyejitokeza. Haikupita miezi miwili akaja fundi aliyejenga banda la uani, akaja mwenye duka la saruji na mabati, kisha akaja mama mwenye watoto wawili kutoka mji mwingine, akasema kuwa naye ni mke wa marehemu, ila cheti cha ndoa hana. Tulipoutazama mkataba wa mauziano ya kiwanja, jina lililoandikwa lilikuwa la mdogo wa marehemu, kwa kuwa siku ya kununua marehemu alikuwa safarini. Mjane alikuja msikitini na mfuko wa plastiki uliojaa karatasi, akauweka mbele ya kamati na kutuuliza: "Masheikh, yupi kati yenu aliyeambiwa chochote na mume wangu?"

Hakuna aliyeambiwa. Hadi leo shauri lile liko mahakamani, nyumba imefungwa kufuli, na mjane amehifadhiwa kwa kaka yake.

Usiku ule, baada ya mjane kuondoka, tulibaki wajumbe saba wa kamati, sote tumevuka miaka arobaini, na watatu kati yetu wamevuka sitini. Tukaulizana: ni nani kati yetu ambaye wasia wake umeandikwa? Hakuna hata mmoja. Sisi tunaopanda mimbari na kuwakumbusha watu mauti tulikuwa hatujajiandaa kuliko huyo tuliyemzika. Mada hii basi hatuwasomei ninyi peke yenu. Tunajisomea na nafsi zetu.

UMRI ULIOTAJWA KATIKA QUR'AN

Allah (s.w.) ameutaja umri huu kwa idadi yake katika Suratul-Ahqaf, aya ya 15. Baada ya kutuusia kuwatendea wema wazazi, na kutukumbusha taabu ya mama katika kubeba mimba na kunyonyesha, anamtaja mtu aliyefikia ukamilifu wa nguvu zake na kutimiza miaka arobaini. Mtu huyo anamwomba Mola wake amwezeshe kuzishukuru neema alizompa yeye na wazazi wake, amwezeshe kutenda mema anayoyaridhia, na amtengenezee kizazi chake. Kisha anatangaza toba na kujisalimisha kwake.

Tuizingatie dua hiyo. Mtu wa miaka arobaini anatazama nyuma kwa wazazi wake, na anatazama mbele kwa watoto wake. Yeye yuko katikati. Wazazi wake wameanza kuzeeka na wanamhitaji, na watoto wake hawajaweza kujitegemea na wanamhitaji. Mali, kama anayo, iko mikononi mwake. Maradhi, kama yapo, yanaanza kubisha hodi. Mtume wetu (s.a.w.) alipewa Utume akiwa na umri wa miaka arobaini, na kazi nzito kuliko zote katika uhai wake aliifanya baada ya hapo. Hivyo umri huu si wa kukunja jamvi. Ni umri wa kuweka mambo sawa tukiwa na nguvu na akili timamu.

Lipo jambo jingine linalostahiki kuzingatiwa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an Tukufu ni ya 282 ya Suratul-Baqara, nayo inahusu kuandika deni: muda wake, mwandishi wake na mashahidi wake. Allah (s.w.) hakututaka tuchoke kuandika deni, liwe dogo au kubwa. Mwislamu ni mtu wa kuandika. Tutalifuata jambo hilo katika mambo manne: elimu, mali, afya na familia.

ELIMU: HAKUNA ALIYECHELEWA

Hawezi kuandika asiyejua. Baadhi yetu tumefika miaka hamsini, na bado Suratul-Fatiha tunaisoma kama tulivyoishika utotoni, pamoja na makosa yake. Wengine hatujui kuusoma msahafu kabisa. Darasa likitangazwa tunaona haya, kwa kuwa tutakaa na watoto, na huenda mwalimu ana umri wa mjukuu wetu.

Haya hii haina msingi. Imamu Bukhari, katika mlango wa elimu wa kitabu chake, ametanabahisha kuwa Sahaba wa Mtume (s.a.w.) walijifunza wakiwa watu wazima. Sayyidna Abubakar (r.a.) alikuwa anakaribia miaka arobaini Qur'an ilipoanza kushuka. Hakukuwa na aya hata moja aliyoisoma utotoni. Wote wale walianza upya, na baadhi yao walianza wakiwa watu wazima. Aidha, imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kuwa anayeisoma Qur'an kwa kubabaika na kwa taabu ana malipo mara mbili. Basi mzee anayekwama kwenye herufi asidhani kuwa anachekwa mbinguni.

Mama zetu nao wasiachwe nyuma. Wanawake wa wakati wa Mtume (s.a.w.) walimwendea wakamwambia kuwa wanaume wamewashinda kwa kuwa karibu naye, akawatengea siku yao maalumu ya kuwafundisha. Msikiti usio na darasa la akina mama watu wazima haujaifuata Sunna hiyo.

Wapo pia wanaodhani kuwa wamesahau kusoma, kumbe ni macho. Kuanzia miaka arobaini hivi, jicho la kila binadamu hupoteza taratibu uwezo wa kuona maandishi ya karibu. Ukijikuta unausogeza msahafu mbali ndipo uone vizuri, hiyo si dalili ya kurogwa wala si adhabu. Ni umri. Miwani ya kusomea hutatua tatizo hilo, nayo si ghali. Tunamjua ndugu aliyeacha kusoma Qur'an kwa miaka kadhaa, akairudia wiki ileile aliyovaa miwani.

MALI: DENI HALIFI NA MWENYE DENI

Imepokewa na Bukhari kuwa Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza akauliza kama maiti huyo ana deni. Akaambiwa ana deni la dinari tatu na hakuacha kitu. Akawaambia Sahaba wamswalie mwenzao, naye mwenyewe asimswalie, mpaka Abu Qatada (r.a.) aliposema kuwa deni hilo ni juu yake. Ndipo Mtume (s.a.w.) akamswalia. Tangazo linalotolewa leo mbele ya jeneza lina asili hiyo. Tofauti ni kwamba wao waliulizana wakajibiwa, na sisi tunatangaziwa tukanyamaza.

Tutazame mfano wa mtu mwenye mali nyingi na madeni mengi. Zubayr ibn al-Awwam (r.a.), mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo, alikuwa akiletewa na watu mali wamwekee amana. Yeye alikataa kuipokea kama amana, akaipokea kama mkopo, ili ikipotea awe na dhima ya kuilipa. Siku ya vita vya Jamal, mwaka 36 Hijria, alimwita mwanawe Abdullah akamwambia kuwa jambo linalomshughulisha zaidi ni deni lake. Akamuusia auze mali alipe, na akishindwa aombe msaada kwa Mola wake Zubayr. Abdullah alipopiga hesabu alikuta deni linafikia 2,200,000. Hakukuwa na fedha taslimu, yalikuwapo mashamba na majumba. Akauza shamba la Ghaba kwa 1,600,000, akalipa. Warithi walipomhimiza agawe, alikataa mpaka atangaze wakati wa Hija, miaka minne mfululizo, kuwa anayemdai Zubayr ajitokeze. Baada ya hapo ndipo alipogawa, na kila mmoja wa wajane wanne akapata fungu lake kamili.

Ndugu zetu, Zubayr alifariki na deni kubwa, lakini hakuiacha familia gizani. Alimwambia mwanawe kuwa deni linamshughulisha, auze mali alipe, na amtegemee nani. Mzee wetu tuliyemzika hakuwa na deni hata la sehemu ndogo ya hilo, lakini alikwenda nalo moyoni mwake.

Katika madeni tunayoyasahau, la kwanza ni mahari. Wangapi kati yetu tuliahidi mahari mbele ya mashahidi, tukatoa nusu, na iliyobaki tukaiita "itakuja"? Imepita miaka thelathini na haijaja. Hilo ni deni la mke, na linalipwa kabla ya mirathi kama deni la mwenye duka. La pili ni amana za watu na michango ya vikundi tuliyokabidhiwa kuitunza. La tatu ni zaka ya miaka ambayo hatukutoa. La nne ni fedha zilizo ndani ya simu. Siku hizi mtu anaweza kuwa na akiba katika laini mbili na akaunti ya benki, na mkewe asijue hata moja. Hatusemi namba ya siri itolewe ovyo. Tunasema iandikwe kuwa akiba hiyo ipo, na iko wapi.

Kuhusu kipato cha uzeeni, wengi wa watu wa safu hizi si waajiriwa. Ni wavuvi, wakulima, mafundi na wachuuzi, na hakuna kiinua mgongo kinachowasubiri. Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016 kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni jambo la kushukuriwa, lakini huo ulikuwa msaada wa kuongezea, si wa kuishi. Anayejishughulisha mwenyewe Tanzania Bara anaweza kujiunga kwa hiari na NSSF, na asiyetaka hilo atafute njia ya halali ya kuweka akiba mapema, kidogo kidogo. Na kwa mwajiriwa anayelipwa mafao yake, tunamnasihi asiyatumie katika mwaka wa kwanza kwa harusi ya fahari, wala kwa biashara asiyoijua, wala asimpe mtu anayeahidi faida kubwa ya haraka. Ajihadhari pia na mikopo ya riba ambayo watu wenyewe wameipa jina la "kausha damu". Jina hilo linatosha kuwa hoja.

AFYA: MWILI UNA HAKI YAKE

Mtume (s.a.w.) alimwambia Abdullah ibn Amr (r.a.), aliyekuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha, kuwa mwili wake una haki juu yake, na macho yake, na mkewe. Aidha, ametuamrisha kujitibu, kwani Allah (s.w.) hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa moja, nalo ni uzee. Basi tusichanganye. Kuchakaa kwa umri hakuna dawa, lakini presha na kisukari si uzee. Hayo ni maradhi na yana matibabu.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani katika takwimu zilizotolewa mwaka 2021, watu wazima wapatao bilioni 1.28, wa umri wa miaka 30 hadi 79, walikuwa na presha ya kupanda, na karibu nusu yao walikuwa hawajui. Hawajui kwa sababu presha mara nyingi haiumi. Mtu anaswali, anafanya kazi, anacheka, na siku moja anaanguka bafuni na upande mmoja wa mwili umepooza. Kisha majirani wanasema amepigwa na jini. Kipimo chake ni cha dakika chache. Namba ya juu ikifika 140 au kuzidi, au ya chini ikifika 90 au kuzidi, na ikaonekana hivyo katika siku tofauti, mtu anahitaji kumwona daktari. Na anayepewa dawa asiziache kwa kuwa anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu anazimeza.

Kisukari nacho kina dalili zake: kiu isiyokatika, kwenda haja ndogo mara kwa mara, kupungua mwili bila sababu, na vidonda visivyopona. Huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, hata mtu akakanyaga msumari asihisi. Hapa udhu wetu una faida kubwa. Mara tano kwa siku tunaosha miguu. Mwenye kisukari aitazame nyayo yake kila anapotawadha, na katikati ya vidole, aone kama kuna jeraha, kisha aikaushe vizuri. Ndugu wengi waliokatwa miguu walianza na kidonda kidogo ambacho hawakukiona.

Mgonjwa wa kisukari, hasa anayejidunga sindano za insulini, asisubiri mwezi wa Ramadhani uandame ndipo aulize. Aende kwa daktari kabla, aulize kama anaweza kufunga na dawa zipangweje. Allah (s.w.) amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa baadaye, na asiyetarajia kupona, au mzee asiyeweza tena, humlisha masikini kwa kila siku anayokula. Kuikataa ruhusa ya Allah na kujiangamiza si uchamungu.

Mama zetu tunawakumbusha kupima saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ikigundulika mapema hutibika. Na sisi waume tufahamu kuwa mwanamke anapokoma hedhi, aghalabu kati ya miaka 45 na 55, huweza kupata joto la ghafla, kukosa usingizi na kubadilika hisia. Hiyo si jeuri. Mume aliyehudumiwa miaka ishirini na tano anapaswa kusubiri miaka michache hiyo kwa upole, si kuifanya sababu ya kumtafutia makosa.

Kila mmoja wetu, mume kwa mke, awe na daftari la afya: vipimo vyake, tarehe na dawa anazotumia. Siku akianguka, atakayemkimbiza hospitali ajue la kumwambia daktari.

FAMILIA: KILICHOFICHWA HUJA KUZIKWA NA WENGINE

Hili ndilo zito zaidi. Uislamu umemruhusu mwanamume kuoa zaidi ya mke mmoja kwa sharti la uadilifu. Haukumruhusu kuwa na watoto ambao kaka zao hawawajui. Ndoa imeamrishwa itangazwe. Mwanamume anayeficha ndoa kwa kuogopa ugomvi wa nyumbani haondoi ugomvi huo. Anauahirisha tu, ili upiganwe na wajane wawili juu ya kaburi lake, na yeye hayupo kusema ukweli. Kila ndoa iwe na cheti, na kila mtoto awe na cheti cha kuzaliwa. Mama yule aliyekuja kutoka mji mwingine huenda anasema kweli. Lakini mahakama inataka ushahidi, na shahidi mkuu tumeshamzika.

Upande wa wazazi wetu nao, tusisubiri wafariki ndipo tugawane majukumu. Ndugu waketi wangali hai: nani anakaa na mama, nani analeta fedha za dawa, nani anampeleka hospitali. Mara nyingi mzigo wote humwangukia binti mmoja ambaye hakuolewa au aliyeachika, na siku ya mirathi kaka zake hufika kwa mabasi kudai mafungu makubwa.

WASIA NA MIRATHI

Imepokewa kutoka kwa Ibn Umar (r.a.), katika Bukhari na Muslim, kuwa Mwislamu mwenye kitu cha kuusia haimpasi kulala siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa na uko naye. Siku mbili, ndugu zetu. Sisi tumelala miaka.

Wapo wanaoona kuwa kuandika wasia ni kujitabiria kifo. Sa'd ibn Abi Waqqas (r.a.) aliugua sana Makka mwaka wa Hija ya Kuaga, akataka kuusia sehemu kubwa ya mali yake. Mtume (s.a.w.) akamzuia katika theluthi mbili na katika nusu, akamruhusu theluthi, akimwambia kuwa hiyo nayo ni nyingi, kwani kuwaacha warithi wakiwa na uwezo ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu. Sa'd hakufa katika ugonjwa ule. Aliishi miaka mingi, na akaliongoza jeshi la Waislamu katika vita vya Qadisiyya. Wasia haukumharakishia kifo.

Utaratibu wa sheria unajulikana. Katika mali ya marehemu hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi na usio wa mrithi, na kinachobaki ndicho mirathi. Tuchukue mfano. Mtu ameacha mali ya shilingi milioni 60. Mazishi na madeni, pamoja na mahari iliyobaki, ni milioni 12. Hakuusia kitu. Zimebaki milioni 48. Amemwacha mke mmoja, mama yake, watoto wawili wa kiume na binti mmoja. Mke anapata thumni, yaani milioni 6. Mama anapata sudusi, yaani milioni 8. Zinabaki milioni 34, ambazo kila mtoto wa kiume anapata milioni 13.6 na binti milioni 6.8. Hesabu imekwisha, na hakuna wa kugombana naye. Lakini kama madeni hayajulikani, na wake hawajulikani, na kiwanja kina jina la mtu mwingine, hata sheikh mwenye elimu ya mirathi hawezi kuanza.

Tena kwa sisi wa Tanzania Bara kuna hatari nyingine. Mahakama, inapoamua mirathi ya Mwislamu igawanywe kwa sheria ipi, huangalia namna marehemu alivyoishi, na yale aliyoyatamka au kuyaandika kuhusu nia yake. Akija ndugu na kudai kuwa familia yao hufuata mila za kabila, na marehemu hakuandika lolote, mlango wa mabishano umefunguka. Mila zilizoandikwa katika tangazo la serikali la mwaka 1963 zilimnyima mjane fungu pale ambapo marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Mjane ambaye Qur'an imempa thumni yake anaweza kutoka mikono mitupu, kwa sababu tu mumewe hakuandika mistari mitatu kuwa mali yake igawanywe kwa sheria ya Kiislamu.

Tuandike pia kuwa mali ya mayatima isitumike katika karamu za msiba. Alipofariki Jaafar (r.a.) katika vita vya Mu'ta, Mtume (s.a.w.) aliamuru familia yake ipikiwe chakula, kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Leo wafiwa ndio wanaopika, na ng'ombe wa arobaini anachinjwa kutoka katika fungu la mtoto wa miaka sita. Na Allah (s.w.) ametoa onyo kali kwa wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma.

TUFANYE NINI

Kamati imeamua kuanza na nafsi zake. Wajumbe wote saba wameandika, na kila mmoja amesaini mbele ya mashahidi wawili waadilifu. Mjumbe mmoja, alipokuwa akiandika, aligundua kuwa anadaiwa na mkewe mahari ya miaka thelathini na moja. Amemlipa. Mkewe alilia, na si kwa sababu ya kiasi cha fedha.

Tunawaomba nanyi kila mmoja anunue daftari, na aandike mambo haya: anaowadai na wanaomdai, mahari iliyobaki, amana za watu, mali zake na hati zake zilipo, majina ya wake na watoto wote, zaka, funga na Hija aliyokuwa na uwezo nayo asiitekeleze, wasia wake usiozidi theluthi, msimamizi anayemwamini, na tamko kuwa mirathi yake igawanywe kwa sheria ya Kiislamu. Wasia ukiwa tayari, auhifadhi mahali salama. Tanzania Bara, RITA hupokea na kutunza wasia, na mwanasheria anaweza kusaidia uwe na nguvu mahakamani. Kisha amwambie mtu wake mmoja daftari liko wapi. Daftari lisilojulikana lilipo ni sawa na lisiloandikwa.

Kila Jumamosi baada ya Isha, masheikh watakuwepo msikitini kumsaidia yeyote asiyeweza kuandika, na siri yake itahifadhiwa. Akina mama watakuwa na wakati wao siku ya Jumapili baada ya Adhuhuri. Darasa la watu wazima la kusoma Qur'an litaanza kwa herufi, na hakuna atakayeulizwa umri wake.

Ndugu zetu, jeneza lijalo litakapowekwa mbele ya safu, na tangazo likatolewa, tunatamani familia isimame na kusema: marehemu aliandika, madeni yake ni haya, na tayari tumeanza kuyalipa.

Tunamwomba Allah (s.w.) atuwezeshe kuzishukuru neema zake, atutengenezee vizazi vyetu, awarehemu wazazi wetu, atulipie madeni yetu na atupe mwisho mwema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.